Supachaja ya Crown kwenye Altezza: piga hesabu ya joto kwanza

Kijana alishusha kiroba juu ya meza ya kazi kwa mikono miwili, taratibu, mdomo wake umefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Ilikuwa saa nne asubuhi, Tabata, na mabati ya gereji yalikuwa yameshaanza kualika kwa jua. "Shikamoo mzee." Fundi akaitikia huku anafuta mikono kwa kitambaa. Kiroba kilipofunguliwa likatoka dude la aluminiamu lenye urefu wa tofali na ushee, limeganda oili na vumbi, puli imekaa mbele. Ilikuwa supachaja ya Toyota, SC14, yaani pampu ya kuisukumia injini hewa zaidi. Kijana aliipata Ilala kwa wauza spea, imeng'olewa kwenye Crown ya zamani, na Altezza yake ilikuwa imeegeshwa hapo nje.

"Mzee, injini yangu ni 1G na hii ni ya 1G. Nimeambiwa ni kufunga tu."

Fundi aliisukuma puli kwa kidole. Ikazunguka, ndani kimya. Kisha akashika sahani ya klachi iliyo mbele ya puli, akaizungusha hiyo, na ndipo rota mbili za ndani zikageuka pamoja, bega kwa bega bila kugusana, zikapumua kama mtu aliyelala. "Nzima hii," akasema. Halafu akauliza swali ambalo kijana hakulitegemea: "Sasa mwanangu, hewa yake ya moto utaipoza na nini?"

Swali hilo nalijua. Niliwahi kulijibu vibaya kwenye gari langu mwenyewe, na nikalipa injini nzima. Ndiyo maana naandika haya kwa yeyote mwenye Altezza, Levin, Celica au Mazda Roadster ya zamani hapa Dar anayetamani kuiongezea pumzi. Inawezekana kabisa, Toyota wenyewe walifanya. Lakini kinachosumbua watu si pale wanapopatazama. Wanatazama nguvu, wakati kazi yote iko kwenye joto.

Tuanze na kifaa chenyewe. Injini ya petroli ni pampu ya hewa. Ya lita 2 humeza karibu lita 1 ya hewa kila krenki, ile shafti kuu ya injini, inapozunguka mara moja, kwa sababu kila silinda hunyonya mara moja tu katika mizunguko miwili. Kuiongezea petroli ni rahisi, unafungua tu nozeli kwa muda mrefu zaidi. Kigumu ni kupata hewa ya kuiunguza petroli hiyo: kilo 1 ya petroli inataka kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Na injini ya kawaida hainunui hewa popote. Inapewa na presha ya anga, ambayo hapa usawa wa bahari ni karibu bari 1. Ikishameza hiyo, basi.

Mhunzi analijua jambo hili vizuri. Makaa ni yaleyale, chuma ni kilekile, lakini mivukuto ikianza kupigwa chuma kinaiva hadi cheupe. Supachaja ni mivukuto hiyo, inapigwa na krenki yenyewe kupitia mkanda. Na huu si mfano wa kubuni: Philander na Francis Roots, ndugu wawili wa Indiana, Marekani, walisajili hataza ya mashine yao ya rota mbili mwaka 1860, na kazi yake ilikuwa kupuliza hewa kwenye matanuri ya kuyeyushia chuma. Magari yalikuja baadaye sana. Mwaka 1921 Mercedes walionyesha Berlin magari yenye kompresa, na moja likaja kuitwa 6/25/40: namba ya kati ni nguvu za farasi bila kompresa, ya mwisho ni nguvu kompresa ikishika kazi. Neno Kompressor unalolisoma nyuma ya C-Class mkiwa mmekwama kwenye foleni ya Bagamoyo ni mjukuu wa kompresa hiyo.

Turbo hufanya kazi ileile kwa kusukumwa na moshi wa egzosi, ndiyo maana hukawia kidogo kabla ya kuamka. Supachaja haisubiri moshi. Ukikanyaga, iko pale. Ziko za rota mbili za asili ya Roots, ziko za skrubu mbili zilizotokana na kazi ya Mswidi Alf Lysholm, na ziko za feni, zenye kichwa kama cha turbo ila zinavutwa na mkanda. Za skrubu na za feni hubana hewa kwa ufanisi zaidi. Za Roots ni rahisi, ngumu kufa, na huipasha hewa moto kuliko wenzake. SC14 ni ya Roots. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Sasa lile la "1G ni 1G". Toyota huandika majina ya injini zao kwa mpangilio, na ukijua kuyasoma utajiepusha na hasara nyingi. Namba na herufi ya kwanza, yaani 1G, ni familia ya bloku. Baada ya kistari, G ni hedi ya michezo yenye kemshafti mbili, shafti za kufungulia valvu, na pembe pana ya valvu. F ni hedi ya kemshafti mbili ya matumizi ya kawaida, pembe nyembamba. Z ni supachaja, T ni turbo, E ni mafuta kwa nozeli za umeme. Crown na baadhi ya Mark II za mwishoni mwa miaka ya 1980 zilibeba 1G-GZE. Altezza ya kijana, ile ya silinda sita, ina 1G-FE. Herufi zilizobadilika katikati ndizo zinazobeba hedi, njia za hewa na pistoni. Kwa hiyo hata mabano ya kuishikilia hiyo SC14 inabidi yachongwe upya.

Mabano ni kazi ya siku chache kwa mchonga vyuma mzuri wa Gerezani. Pistoni ndizo hasa zenye habari. Katika 1G-GZE uwiano wa mgandamizo, ambao mafundi huuita kompresheni, ni 8.0 kwa 1. Maana yake, pistoni ikipanda hadi juu hewa inabanwa hadi moja ya nane ya ujazo wake. Katika 1G-FE ya Altezza ni 10.0 kwa 1. Mtambo wa kiwanda wenye supachaja ulitoa farasi 170. Ule wa Altezza, bila supachaja yoyote, hutoa 160. Tulia na namba hizo kidogo. Toyota walipoweka supachaja walianza kwa kuipunguzia injini mgandamizo wake wa asili. Walirudi nyuma hatua ndipo wakaruka. Walifanya vivyo hivyo kwa 4A-GZE ya MR2 mwaka 1986: 4A-GE ya valvu 16 ilikuwa na 9.4, wakaishusha hadi 8.0, wakaiwekea pistoni za kufuliwa badala ya za kumimina, na juu ya hayo intakula, yaani rejeta ya kupoza hewa iliyobanwa.

Kwa nini wajisumbue hivyo? Kwa sababu ya noki.

Katika injini nzima plagi hutoa cheche na moto husafiri kutoka kwenye plagi hadi ukutani mwa silinda, kama moto unavyotembea kwenye nyasi kavu. Ni haraka, lakini ni mwendo. Moto ukisafiri huku nyuma, hewa na petroli iliyobaki mbele yake inazidi kubanwa na kupashwa. Ikifika kiwango fulani haisubiri kufikiwa, inalipuka yenyewe yote kwa pamoja. Mawimbi ya presha yanagonga kuta za chumba hicho kidogo na unasikia kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Hiyo ndiyo noki. Ikitokea kidogo, mara moja moja, injini inavumilia. Ikitokea injini ikiwa imebeba mzigo mkubwa, inakula pistoni.

Vitu vinavyoileta ni vichache: hewa ya moto, mgandamizo mkubwa, cheche inayotoka mapema mno, mchanganyiko mkavu wenye petroli kidogo, na petroli yenye okteni ndogo, yaani isiyovumilia kubanwa bila kulipuka yenyewe. Supachaja iliyofungwa hivihivi inakuletea viwili vya kwanza siku hiyohiyo, na kontroli boksi ya kiwanda, ile kompyuta ya injini, isiyojua lolote kuhusu mgeni huyu, inakuletea viwili vinavyofuata.

Levin yangu ilikuwa AE111, ile ya 4A-GE ya valvu 20, kompresheni 11.0 kwa 1. Injini tamu ikiachwa ilivyo. Mimi na rafiki tuliifunga supachaja ya SC12 iliyotoka kwenye 4A-GZE, puli tukaikereza iwe ndogo ili izunguke haraka, na tukaishia na presha ya ziada, busti kama wanavyosema, ya bari 0.5. Kwa kipimo cha upepo wa tairi ni paundi 7, hazifiki hata robo ya upepo uliomo tairini mwako. Tuliona ni kidogo. Hatukuweka intakula kwa sababu nafasi ilikuwa finyu. Gari lilikuwa zuri kiasi kwamba nilitafuta sababu za kwenda Bagamoyo.

Lilidumu chini ya miezi mitatu. Dalili ya kwanza haikuwa sauti. Ilikuwa oili iliyokuwa inarushwa kwenye mdomo wa kijiti cha kupimia. Tulifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma polepole, na moshi ukawa unatoka kwa vipigo, puu, puu, puu, kama chungu kinachochemka. Tukapima kompresheni: silinda tatu zilikuwa sawa, ya tatu kwa mpangilio ikasoma chini ya nusu ya wenzake. Plagi yake ilikuwa na vinukta vidogo vya rangi ya fedha kwenye kaure nyeupe, kama mtu aliyeinyunyizia chumvi inayong'aa. Ilikuwa aluminiamu ya pistoni. Hedi ilipotoka na pistoni ikasukumwa juu, ule ukuta mwembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili ulikuwa umemeguka, kipande cha urefu wa kucha ya kidole gumba, na kingo zake zilikuwa zimelainika kwa kuzunguka na kugonga ndani. Nimekitunza kipande hicho. Kila anayeniuliza kuhusu supachaja namwonyesha hicho kabla ya kitu kingine.

Naomba nikufanyie hesabu ambayo sikuifanya wakati ule. Hewa ikibanwa hupata moto, kama pampu ya baiskeli inavyochoma vidole ukijaza tairi kwa haraka. Siku ya kawaida ya Dar ina nyuzi 32. Supachaja ya Roots yenye ufanisi wa asilimia 55 hivi ikiibana hewa hiyo hadi busti ya bari 0.5, inatoka na nyuzi karibu 100. Ni joto la maji yanayochemka, linaingia kwenye silinda kabla hata pistoni haijaanza kubana. Na hewa ya moto ni nyepesi. Kwa hiyo japo presha imepanda kwa asilimia 50, uzito wa hewa iliyoingia umepanda kwa asilimia 23 tu. Sehemu kubwa zaidi ya ile nusu uliyodhani umepata imegeuka kuwa joto.

Sasa punguza busti hadi bari 0.3, lakini uweke intakula mbele ya rejeta. Supachaja inatoa hewa ya nyuzi 75 hivi. Intakula nzuri, gari likiwa kwenye mwendo, inaweza kuirudisha hadi nyuzi 45. Hata ukitoa presha kidogo inayopotea ndani ya mabomba na intakula, uzito wa hewa unaoingia umepanda kwa asilimia 23.

Ni hewa ileile, nguvu karibu zileile. Tofauti ni kwamba njia ya kwanza inaipa injini hewa ya nyuzi 100 na ya pili nyuzi 45, na huko katikati ndiko pistoni yangu ilikovunjikia. Tena njia ya pili inaizungusha supachaja polepole zaidi, kwa hiyo inakula nguvu kidogo ya krenki. Kwa hesabu yangu, ile ya bari 0.5 kwenye injini ya lita 2 ikiwa mizunguko 6,000 inaila krenki farasi 13 hivi ili kubana hewa peke yake, bila kuhesabu msuguano wa mkanda na beringi.

Fundi alipomuuliza kijana "utaipoza na nini", hicho ndicho alichokuwa anamuuliza. Hakuwa anamkatisha tamaa.

Kuna sehemu ya bure ya jibu ambayo wengi hawaigusi. Chujio la hewa lililo wazi, lile la koni linalovutia macho, likikaa ndani ya boneti linavuta hewa ya jirani na egzosi. Foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni hewa hiyo inafika nyuzi 57 bila shida. Kutoka 32 hadi 57, umepoteza karibu asilimia 8 ya hewa kabla mashine haijabana chochote. Boksi la chujio la kiwanda, lile jeusi la plastiki ambalo watu hukimbilia kulitupa, huvuta hewa ya nje kwa mdomo wake wa mbele. Mimi hulirudisha. Ila ukiamua kushusha mdomo wa hewa hadi kwenye bampa ili upate ubaridi zaidi, ikumbuke masika na ukumbuke mafuriko ya Jangwani. Maji hayabanwi. Injini ikiyameza, konirodi, ule mkono wa pistoni, ndiyo inayopinda.

Foleni ina adha nyingine. Intakula ya hewa kwa hewa inahitaji upepo, na gari lililosimama halina upepo. Inabaki kuwa kipande cha aluminiamu kilicholala mbele ya rejeta yenye moto, inajaa joto. Taa zikiruhusu ukakanyaga, sekunde chache za kwanza ndizo mbaya kuliko zote: busti imejaa, ubaridi haujafika. Intakula ya maji, yenye kirejeta chake kidogo na pampu yake ya umeme, inastahimili hizo sekunde vizuri kwa sababu maji hubeba joto jingi kabla hayajapanda, lakini yakishapanda nayo huchukua muda kushuka. Kwa gari la kila siku la Dar mimi huchagua ya maji, na pampu yake iendelee kuzunguka hata gari likisimama. Wenye magari ya Jumapili asubuhi tu, ya hewa inawatosha na haina kitu cha kuvuja.

Toyota waliisaidia hali hii kwa ujanja mmoja uliokuwa pale mbele ya macho ya kijana. Ile klachi ya puli ni ya sumaku ya umeme, ndugu wa klachi ya kompresa ya AC. Unaijua sauti yake: unabonyeza AC, unasikia "tik" mbele. Kwenye 1G-GZE na 4A-GZE supachaja haizunguki muda wote. Ukiendesha pole puli inazunguka yenyewe na rota zimelala; ukikanyaga, tik, zinashika. Kwenye foleni hakuna joto linalotengenezwa bure wala petroli inayoliwa bure. Anayefunga SC14 kwenye gari jingine halafu akaunga waya wa klachi moja kwa moja iwe inashika daima, amekitupa kitu bora kuliko vyote alivyovinunua. Na kabla ya yote afungue chemba ya gia za supachaja aangalie oili yake, maana ina oili yake peke yake, haitumii ya injini. Nyingi zilizolala madukani zimeshakauka.

Petroli nayo ina neno lake. Vituo vyetu vingi vinauza petroli ya aina moja, kwa hiyo uchaguzi wa okteni haupo mikononi mwako. Na neno kuchakachua halikuzaliwa kwenye siasa. Lilipata umaarufu kwenye mafuta, enzi mafuta ya taa yalipokuwa bei rahisi na yakichanganywa kwenye dizeli na petroli. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba, yaani alama za kemikali, kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ife. Hali si ile tena. Lakini mwenye injini yenye busti anapaswa kujua kwamba mafuta ya taa yana okteni ndogo mno, na kiasi ambacho Vitz ingekivumilia kwa kulalamika tu kinaweza kumaliza pistoni yako kabla hujafika Kibaha. Jaza kituo kimoja unachokiamini, na taimingi ya injini, yaani wakati wa cheche kutoka, isiwekwe ukingoni kabisa. Bakiza nafasi ya petroli mbaya. Itakuja tu siku moja.

Hapo ndipo tunafika kwenye kontroli boksi, na hapa sitaki kuwa mpole. Kifaa hiki kimefundishwa kiwandani ramani ya mafuta na cheche kwa injini inayonyonya yenyewe. Sensa ya presha ya injini ya namna hiyo kwa kawaida husoma hadi kama bari 1 na kuishia hapo. Busti ikianza inakuwa kipofu: inaona "hewa kamili" na kutoa petroli ya hewa kamili, wakati hewa iliyoingia ni zaidi ya hiyo. Mchanganyiko unakauka saa ileile joto linapopanda. Injini yenye busti inataka kinyume chake, petroli nyingi zaidi, kilo 1 kwa kilo 11.5 hadi 12 za hewa, kwa sababu petroli ya ziada inapoza ikigeuka mvuke. Inataka pia cheche ichelewe. Mafundi wengi huanza na digrii moja kwa kila paundi moja ya busti, kisha wanasikiliza na kupima.

Kwa hiyo inatakiwa kontroli boksi inayoweza kufundishwa upya, sensa ya presha inayosoma juu ya anga, nozeli kubwa zaidi, pampu ya mafuta inayozimudu, na sensa ya oksijeni ya masafa mapana ya kuonyesha mchanganyiko halisi. Vifaa vidogo vya kudanganya sensa, vinavyouzwa kwa maneno matamu kwamba "vinatosha kwa busti ndogo", havinishawishi. Vinaiongopea injini kuhusu hewa ili itoe petroli zaidi, na mara nyingi uongo huohuo unaifanya isogeze cheche mahali isipopaswa. Tuliweka kimoja kwenye Levin.

Kuna wanaopendekeza kushusha kompresheni kwa gasketi nene ya hedi, au gasketi mbili kupandanishwa. Nimeiona ikifanywa. Namba inashuka kweli, lakini unapanua ule mwanya mwembamba kati ya pembe ya pistoni na hedi, ambao kazi yake ni kuuvuruga mchanganyiko ili uungue haraka na kwa usawa. Ukiupanua, mchanganyiko wa pembeni unabaki umetulia, unasubiri, na unaosubiri ndio unaonoki. Pistoni sahihi ni ghali lakini ndiyo dawa. Asiye na fedha ya pistoni abaki na busti ya bari 0.3 na intakula, au atafute 1G-GZE nzima, yenye pistoni zake na kontroli boksi yake, aifunge yote kama ilivyotoka kiwandani. Hili la mwisho halina sifa kijiweni. Ila magari yaliyofungwa hivyo ndiyo ninayoyaona bado yanatembea baada ya miaka mitano.

Na mfumo wa maji usisahaulike. Injini inayotoa nguvu zaidi inatupa joto zaidi kwenye rejeta, na magari yetu ya zamani mengi yameshang'olewa thermostati, ile valvu inayodhibiti maji yanayokwenda rejetani, na kujazwa maji ya bomba kwa imani kwamba Dar ni joto, haihitajiki. Thermostati inahitajika. Bila hiyo joto la injini linayumba, na injini huchelewa kufikia joto lake la kazi. Maji ya bomba yanajenga kutu kwenye njia zilezile unazozitegemea. Gari linalochemsha hata mara moja kwa mwezi halistahili supachaja bado, linastahili rejeta.

Breki, tairi na bima sitazieleza kirefu: breki zikaguliwe kabla ya nguvu kuongezwa, na kampuni ya bima iambiwe kilichobadilishwa, maana ajali ikitokea ndipo wanapofungua boneti.

Kijana alisikiliza yote haya amesimama, mkono mmoja juu ya kiroba. Nilitegemea angenuna. Aliuliza tu aanzie wapi, na fundi akampa kipimo cha kompresheni, kile cha saa chenye mpira mrefu, akamwambia injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, throto wazi kabisa, apige starta hadi mshale usimame, na aandike.

Alirudi Jumamosi iliyofuata na risiti ya dukani, nyuma yake namba sita kwa kalamu ya bluu. Tano zilikuwa zimekaribiana sana. Ya silinda ya tano ilikuwa chini kwa paundi 40. Fundi akamwagia oili kidogo kwenye tundu la plagi ya tano, wakapima tena, namba ikapanda: ringi zimechoka, na valvu ziko sawa. Wakakubaliana bei ya ringi na gasketi, Altezza ikasukumwa hadi chini ya kivuli cha mwembe, na SC14 ikarudishwa kwenye kiroba chake, ikafungwa mpira uleule, ikawekwa chini ya meza ya kazi.